Gunia la Karatasi Nyeupe: hotuba mbele ya wachapishaji, waandishi na wakutubi

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wachapishaji, waandishi, wakutubi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa ambao nawasikia mnavyonong'ona: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa zangu wote shikamooni. Itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo nitamruka mtu, ingawa mimi angalau nina udhuru mzuri wa kusema sikumwona.

Chekeni tu, haina neno. Kijana aliyenishika mkono kunileta jukwaani alikuwa anatetemeka kuliko mimi, sijui alidhani nitavunjika.

Barua ya mwaliko, ambayo binti yangu alinisomea mara mbili, inaniagiza nizungumze kwa dakika ishirini juu ya jitihada za kimataifa za kuwapa watu wenye ulemavu fursa sawa. Hiyo ni bahari, na mwenye dakika ishirini huvua pwani pwani. Kwa hiyo leo nitazungumzia kitu kimoja ambacho ninyi mnakitengeneza na mimi nimekililia maisha yangu yote. Nitazungumzia kitabu.

Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka sita. Mwaka 1981 nilikuwa darasa la nne, shule ya bweni ya watoto wasioona. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, ndivyo tulivyoitwa wakati ule, na kaulimbiu yake ilikuwa ushiriki kamili na usawa. Sisi kaulimbiu hatukuijua. Tulichojua ni kwamba mwaka ule wageni walikuja mfululizo. Tunapangwa mstari, tunaimba, kila mtoto anapewa kipande cha sabuni na pakiti ya biskuti. Mgeni akikushika kichwa halafu akatulia ghafla, ujue anapigwa picha. Tulikwishauzoea mlio wa kamera. Biskuti zilikuwa tamu, sitawadanganya. Ila katika wageni wote wale sikumbuki hata mmoja aliyeuliza kama tuna vitabu.

Hatukuwa navyo. Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi kwa nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, na kilikuwa kimepapaswa na vidole vya watoto wengi hata nukta zake zimelala. Ukigusa ukurasa unakuta kama ngozi ya ngoma iliyochoka. Hadithi zake tulikwishazihifadhi, kwa hiyo mwalimu akisema someni, vidole vilitembea lakini kazi yote ilikuwa inafanywa na kumbukumbu.

Mgeni mmoja katika wale alitusomea methali: hujafa hujaumbika. Naiheshimu methali hiyo, na najua imewafunga midomo wengi waliotaka kutucheka. Lakini isikilizeni kwa makini. Inamwambia mzima asimcheke mwenye kilema kwa sababu kesho inaweza kuwa zamu yake. Anayezungumziwa ni yeye mzima, na hofu yake. Mimi niliyekwisha kupata zamu yangu haina neno la kuniambia, zaidi ya kuningojesha huruma ya aliyeogopa.

Dunia nayo iliishi ndani ya methali hiyo muda mrefu. Kulikuwa na tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1975, ukaja Mpango wa Utekelezaji wa 1982, ukaja muongo mzima wa walemavu, 1983 hadi 1992. Mwishoni mwa 1993 zikapitishwa zile Kanuni Sanifu za kusawazisha fursa, kanuni 22, nzuri kabisa, zinataja elimu, kazi, habari, majengo. Lakini hazikuwa na nguvu ya kumbana mtu. Nchi zilizisoma kama baba mwenye shinikizo la damu anavyosikiliza ushauri wa daktari kuhusu chumvi: anaitikia, anashukuru, akifika nyumbani anaulizia kibakuli cha chumvi.

Mambo yalibadilika na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Baraza Kuu tarehe 13 Desemba 2006. Safari hii watu wenye ulemavu wenyewe walikuwa ndani ya ukumbi wa majadiliano, viziwi na wakalimani wao, wasioona na karatasi zao za nukta, na neno lao lilikuwa moja, kwamba hakuna letu bila sisi. Siku ulipofunguliwa kutiwa saini, tarehe 30 Machi 2007, nchi 82 zilisaini siku hiyo hiyo. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009.

Katika utangulizi wa Mkataba huo mna maneno ambayo mimi nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka: kwamba ulemavu hutokea pale hali ya mwili wa mtu inapokutana na vizuizi, vya mitazamo na vya mazingira. Kwa lugha ya darasani kwangu nasema hivi. Mimi sioni, hilo ni langu, nimelizoea, nimeoa nalo na nimesomesha watoto nalo. Kitabu hakisomeki kwa vidole wala kwa sikio. Hilo si langu. Hilo kuna mtu alilitengeneza.

Na Mkataba haukuishia kwenye falsafa. Ibara ya 30 inazitaka nchi zihakikishe kwamba sheria za kulinda miliki ubunifu, kama hakimiliki ya kitabu, haziwi kizuizi kisicho na sababu kwa watu wenye ulemavu kuzifikia kazi za utamaduni. Ni aya fupi sana, mtu anaweza kuipita. Lakini mimi niliposomewa aya hiyo mara ya kwanza nilimwambia msomaji wangu arudie, kwa sababu nilikuwa na kesi yangu binafsi.

Naomba niwasimulie.

Mwaka 1989 nilikuwa kidato cha nne, shule ya kawaida, wasioona tulikuwa watatu tu. Katika fasihi tulikuwa na riwaya ya kutahiniwa. Kwa nukta nundu haikuwepo. Basi rafiki yangu, tulilala kitanda cha juu na cha chini, akajitolea kunisomea kila usiku baada ya maandalio. Yeye anasoma, mimi natoboa kwa kibao na ile sindano yake ya chuma. Wengi wenu hamjui kazi hiyo ilivyo: unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zote kinyume, kwa sababu nukta zinajitokeza upande wa pili wa karatasi. Ukurasa mmoja wa wino unakula kurasa kadhaa za kwako. Mkono unakufa ganzi. Tulifika sura ya tisa, rafiki yangu akashikwa na malaria, akapelekwa kwao. Sura zilikuwa kumi na mbili. Mtihani ukafika. Swali la fasihi likauliza juu ya mwisho wa riwaya.

Nilijibu. Nilitunga mwisho wangu mwenyewe, na hadi leo naamini haukuwa mbaya. Msahihishaji hakukubaliana nami.

Ikapita miaka minane. Nikawa mwalimu. Mwaka 1997, kwenye semina, nikakutana na mwalimu mwenzangu asiyeona kutoka Mombasa, tukazungumza usiku kucha kama wafanyavyo watu wa chuo kimoja. Nikamsimulia kisa cha riwaya ile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, hicho kitabu sisi tulikuwa nacho. Juzuu nne. Kilikuwa kabatini tangu sijaanza kufundisha."

Jamani. Mimi nilikuwa Tanga. Tanga na Mombasa ni mwendo wa basi wa asubuhi moja, unapita Horohoro, unavuka Lunga Lunga, chakula cha mchana unakula Mombasa. Lugha moja, kitabu kimoja, hata pweza tunampika namna moja, ingawa wao watakataa. Na kitabu kilikuwa kimelala kabatini upande ule huku mimi natunga mwisho wangu upande huu.

Nikamwomba anitumie. Akaenda kuuliza kwa wakubwa zake, akajibiwa kuwa ruhusa waliyopewa na mwenye hakimiliki ni ya kutumia ndani ya nchi tu. Kukitoa nje ni kosa. Cha kuchekesha ni kwamba posta ingekibeba bure. Chini ya utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, maandishi ya wasioona hayalipiwi stempu, huo ni uungwana wa zamani sana ambao watu wengi hawaujui. Kwa hiyo dunia ilikuwa tayari kunibebea kitabu bila senti, halafu dunia hiyo hiyo inasema kitabu kisibebwe.

Mwenzangu akafanya aliloliona linafaa. Likizo ya Desemba alipanda basi na gunia. Pale mpakani ofisa wa forodha akamfungulisha, akatoa juzuu moja, akapindua kurasa. Nyeupe. Akapindua nyingine. Nyeupe tupu. Akamuuliza mzee mzima anasafiri na gunia la karatasi tupu kwenda kufanyia nini, tena karatasi zenyewe zimeota vipele. Mwenzangu akamjibu kuwa ni za kufungia maandazi. Akaambiwa apite.

Ndivyo nilivyomaliza sura ya kumi, kumi na moja na kumi na mbili, kwa magendo. Ninaungama mbele yenu, na mbele ya mgeni rasmi, kwa kuwa waliokosewa hakimiliki yao huenda wamo humu ukumbini.

Sasa msidhani kisa hiki ni cha Tanga na Mombasa peke yake. Hispania chama cha wasioona kiitwacho ONCE kilikuwa na maktaba ya vitabu zaidi ya 100,000 vya nukta na vya kusikiliza. Ng'ambo ya bahari, katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini, walikuwepo wasioona wanaozungumza Kihispania hicho hicho, na hawakuweza kuazimwa. Kila nchi ilipaswa kukaa chini ikitoboa upya kitabu kilekile. Umoja wa Wasioona Duniani ulikuwa ukikadiria kuwa zaidi ya asilimia 90 ya machapisho yote hatuwezi kuyasoma, na wakaiita hali hiyo njaa ya vitabu. Ukiwa na njaa huku jirani ana ghala, tatizo lako limehama shambani, liko mlangoni.

Umoja huo ndio ulioandika rasimu ya mkataba, na mwaka 2009 Brazil, Ekuado na Paraguay zikaipeleka mezani kwenye Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, kule Geneva. Vita yake haikuwa ndogo. Wachapishaji wakubwa walikuwa na wasiwasi, kampuni za filamu za Marekani zilikuwa na wasiwasi zaidi, sijui sinema zilihusikaje na nukta zetu. Nadhani waliogopa mfano: leo umemfungulia asiyeona dirisha, kesho nani atabisha hodi? Mwanamuziki Stevie Wonder, naye haoni, alikwenda Geneva mwaka 2010 akawaambia wajumbe waimalize kazi hiyo, na wakiimaliza atakuja kuwaimbia. Tarehe 27 Juni 2013, mjini Marrakesh nchini Moroko, mkataba ukapitishwa. Na jamaa alikuja kweli, akaimba. Katika mikutano ya kimataifa niliyowahi kuisikia, hiyo ni mojawapo ya ahadi chache zilizotimizwa ndani ya juma lile lile.

Gharama ilikuwepo. Ili mkataba upite, filamu ziliachwa nje. Ndugu zetu viziwi, ambao wangehitaji maandishi chini ya picha, hawakupata kitu pale Marrakesh. Nalitaja hilo kwa sababu sisi tulioshiba tusisahau nani alibaki jikoni.

Mkataba wa Marrakesh ulianza kufanya kazi tarehe 30 Septemba 2016, miezi mitatu baada ya Canada kuwa nchi ya 20 kujiunga. Kenya iliingia 2017. Tanzania 2020. Leo unagusa zaidi ya nchi 100. Na unachofanya ni rahisi kukieleza hata kwa mtoto. Unaitaka nchi iweke mwanya katika sheria yake ya hakimiliki, ili taasisi inayowahudumia wasioona bila kutafuta faida iweze kukigeuza kitabu kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa bila kuomba ruhusa ya mwenye haki kila mara. Halafu, na hapa ndipo lilipo gunia la mwenzangu, unaruhusu nakala hiyo ivuke mpaka kwenda kwa wasioona wa nchi nyingine iliyojiunga. Na wanaonufaika ni wengi kuliko wasioona: yumo mwenye tatizo la kusoma maandishi, yumo hata yule ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu wala kufunua ukurasa.

Fikirini Kiswahili kilivyo. Mtoto wa Likoni, mtoto wa Lushoto, wa Bujumbura, wa Goma, wa Unguja. Kitabu kikigeuzwa mara moja mahali pamoja, kimegeuzwa kwa wote. Lugha chache Afrika zina bahati hiyo. Mhausa anaielewa, Mswahili anaielewa, wengine wengi wanatuonea wivu.

Mbona basi bado nalalamika? Kwa sababu mkataba hauji na karatasi. Karatasi ya nukta nundu ni nzito na ghali, mashine ya Perkins ya kuandikia ina karibu kilo tano na ikiharibika fundi wake humpati Kariakoo. Kitabu kidogo cha mfukoni kinazaa juzuu tatu au nne, shule inahitaji chumba kizima kwa vitabu ambavyo ninyi mngevipanga juu ya dirisha. Hayo ni ya serikali na wafadhili, na nimeshayasema katika vikao vingine hadi sauti imekauka.

Lenu ninyi ni jingine, na ni dogo. Kila kitabu mnachokichapa leo, kabla hakijawa karatasi, kilikuwa faili kwenye kompyuta. Faili hilo ndilo dhahabu yangu. Nikilipata lenye herufi halisi, kwa siku moja linaweza kuwa nukta, na kwa dakika moja linaweza kuwa sauti kwenye simu yangu. Vijana wa siku hizi wanatumia programu iitwayo NVDA, ya bure kabisa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona. Kompyuta inasoma, kijana anasikiliza kwa kasi ambayo ninyi mngedhani ni redio iliyokwama. Hakuna rafiki wa kuugua malaria katikati ya sura ya tisa.

Lakini mnatutumia nini? Mwaka jana niliomba nakala tepe ya kitabu cha kiada kwa ajili ya wanafunzi wangu. Baada ya barua tatu nikatumiwa. Nikafungua kwa furaha, nikaiambia kompyuta isome. Ikasema: picha. Nikabonyeza tena: picha. Ukurasa wa tatu: picha. Kurasa mia na arobaini, zote picha. Mtu alikuwa amechukua kitabu, akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa bidii zake zote, akanitumia albamu. Nilimshukuru, kwa sababu nimelelewa vizuri.

Najua mnachoogopa. Mnaogopa faili likitoka kwenu litazagaa. Sawa, ni hofu ya haki, mwandishi hali hewa. Ila tuambiane ukweli: kazi zenu zinaibwa kila siku kwenye vibanda vya fotokopi vilivyopanga mstari nje ya kila chuo, na sijawahi kusikia mwizi aliyeanza kwa kujifunza nukta nundu. Mkataba wenyewe umeweka kwamba nakala zipite mikononi mwa taasisi inayojulikana na ziende kwa walengwa, si kwa yeyote. Mkiwa na mashaka na taasisi, iiteni, mkae nayo, mwandikishane. Mashaka yasiishie kwenye barua ya nne isiyojibiwa.

Naomba basi jambo hili, na naliomba kwa majina ya vitengo vyenu. Idara ya uhariri, mkishapeleka kitabu kiwandani, siku hiyo hiyo wekeni nakala moja ya faili lenye herufi, mbali na lile la mpangaji kurasa. Waandishi, mkisaini mkataba na mchapishaji, ulizeni kama hilo limo. Wakutubi, mtu asiyeona akiingia kwenu msimwonyeshe kiti akae asubiri mtu wa kumsomea. Mwulizeni anataka kitabu gani, mwandike, mkitafute hata nje ya nchi, maana sasa inaruhusiwa na hakuna tena haja ya kusingizia maandazi.

Dakika zangu naona zimekwisha, nimesikia mshereheshaji akikohoa mara ya pili.

Nimekuja na juzuu moja ya ile riwaya, iko mezani karibu na mlango, pembeni ya chai. Mwenzangu wa Mombasa alikataa nimrudishie. Mkitoka pitisheni vidole, karibuni sana, hasa waandishi. Ila nawasihi, vikombe msiviweke juu yake na msiikandamize. Juzuu nyingine tatu zipo darasani kwangu, na ukurasa wa mwisho wa hii umeanza kulala.